Jembe la Kaka Yangu na Katibu wa Malkia wa Uskochi

Ndugu zangu wa baraza letu la Mtendeni, mmeniuliza yaliyonipata, na kila aliyeniuliza nimempa kipande. Sasa nasikia vipande vimeanza kugombana. Mmoja wenu anadai nilimpora mzee kofia. Mwingine anadai niliona kaburi likichimbwa la mtu aliye hai. Yote mawili ni kweli, ila yakisemwa hivyo tu yananifanya nionekane mhuni. Basi nimekaa nikaandika safari nzima, tangu nilipofunga mlango wa chumba changu mpaka niliporudi kwa kaka yangu. Someni kwa sauti, na anayetaka kucheka acheke.

MTENDENI MPAKA KIPALAPALA

Mnakumbuka kwamba wakati huo nilikuwa sina habari nyingine ila za Katibu wa Malkia. Mwalimu wetu wa historia, Mskochi, ndiye aliyenitia ugonjwa huo shuleni, na tangu hapo nimekuwa nikiandika kwa Kiswahili maisha ya mtu huyo ambaye hakuwahi kusikia jina la Unyamwezi. Aliishi zamani sana, wakati Wazungu walipogawanyika kwa ajili ya dini. Uskochi iliacha Ukatoliki kwa kishindo. Kisha malkia wao, mjane bado kijana, akarudi kutoka Ufaransa na rozari yake mkononi, akakuta watu wake wanasali sala nyingine. Katibu alikuwa mtu wa dini mpya, lakini alimtumikia malkia wa dini ya zamani. Alipeleka maneno kwa malkia jirani, yule wa Uingereza, akarudi na maneno, akaenda tena. Alitaka wanawake wale wawili wakubaliane bila damu kumwagika.

Nilipokuwa nikiyaandika hayo nilijiambia: huyu si waziri tu, huyu ni mshenga. Kwa hiyo kaka yangu Laurenti alipokosa mshenga, nilijiona nimeitwa.

Laurenti ni seremala, anakaa karibu na mashamba ya Kipalapala. Alikuwa anamtaka Tabita, binti wa Mzee Yeremia wa Ipole, mfuga nyuki na mzee wa kanisa la Moraviani. Sisi ni Wakatoliki tangu babu. Washenga wawili walikwisha kwenda Ipole, na wote wawili walirudi na jembe letu begani. Mzee alikuwa na swali moja: "Wajukuu wangu watabatizwa wapi?" Safari ya pili aliongeza kwamba mshenga wa tatu atakuwa wa mwisho, maana kuna mwalimu wa Sikonge, Mmoraviani, naye anangoja mlangoni. Laurenti aliacha kula vizuri. Alikuwa akianza kutengeneza mlango, anauacha bila bawaba, anaanza mwingine.

Shangazi Agata ndiye aliyenikabidhi jembe. Lilikuwa jipya, limefungwa kwa kaniki mpya.

"Njiani husemi unakwenda kwa nani," aliniambia. "Na jembe hili lisiguse udongo."

"Hata nikichoka, shangazi?"

"Ukichoka, choka nalo. Baba wa binti akikubali, atalichukua mwenyewe achimbe uani kwake. Jembe likishaonja udongo wa uani kwao, limeanza kazi, halirudi tena. Sasa usije ukalionjesha udongo wa kila kijiji."

"Mimi naandika habari za mshenga wa malkia wawili," nikamjibu.

"Naam. Ndiyo maana naogopa. Una midomo mingi."

Nilitembea mpaka Kipalapala asubuhi hiyo, jembe begani, nikipishana na akina mama wanaoingiza mihogo mjini. Nilikuwa na fahari ambayo sikuificha. Hii ndiyo njia waliyopita babu zetu na pembe za ndovu na mizigo ya nguo. Watu wanasema misafara ilikuwa ya matajiri. Matajiri walikuwa na mali, lakini miguu ilikuwa yetu. Lugha hii ninayoandikia ilifika hapa kwa miguu hiyo hiyo, na leo naitumia kuelezea kasri za Uskochi bila kuazima kwa mtu.

Kwa Laurenti nilikuta wanafunzi wawili wa seminari wamefuata kiti kilichovunjika. Tulikula ugali kwa mlenda, nikawasimulia jinsi Malkia alivyorudi kwao katika ukungu na jinsi Katibu alivyosimama kati yake na watu wenye hasira. Wale vijana walisahau kiti chao. Laurenti peke yake hakusisimka. Alikuwa anapiga randa ubao, akasimama, akaniuliza:

"Alifanikiwa?"

"Nani?"

"Huyo mshenga wako."

"Kula kwanza, kaka."

Hakula, akairudia randa yake.

LORI LA BWANA SEIFU

Lori lilitakiwa kupita asubuhi, likapita jua limeshapinduka. Dereva wake aliitwa Seifu, Mzaramo mwenye tumbo na sauti ya mnadi. Nanyi mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni nini wanapokutana. Ni watani tangu wakati wa misafara. Mtani anaweza kukutukana, akakunyang'anya kitu chako mpaka ukikomboe, na siku ukifa ndiye anayekuja kuchimba kaburi lako na kuvuruga kilio mpaka wafiwa wacheke. Hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa.

"Mnyamwezi huyo!" Seifu alipiga kelele kabla hata sijapanda. "Mzigo wako ni jembe tu? Babu yako akikuona atalia."

"Babu yangu alifika kwenu na pembe mbili, akawakuta mmelala mnangoja mletewe," nikamjibu, nikapanda juu ya magunia.

Huko juu palikuwa na mzee mmoja, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono yenye nakshi za kizamani. Seifu alimwita "Bagamoyo" tu. Kiswahili cha mzee huyo kilikuwa laini, cha pwani kabisa, na yeye na Seifu walirushiana maneno kupitia dirisha la nyuma tangu Kipalapala. Nikajua moja kwa moja: hawa ni Wazaramo wawili wanachezeana.

Jioni haijafika tulizama. Mvua ya siku iliyotangulia ilikuwa imeilainisha mbuga, na udongo ule mweusi ulishika magurudumu ukawa hauachi. Abiria tulishuka. Seifu alizunguka gari, akaja mbele yangu.

"Lete jembe tuchimbe."

"Hili halichimbi."

"Halichimbi? Limekatazwa na daktari?"

Watu walicheka. Mama mmoja mwenye kuku alinisihi, akisema usiku utatukuta hapo. Nililibadilisha jembe bega, nikakataa. Wakaanza kuchimba kwa mikono na kwa sahani ya taniboi, msaidizi wa Seifu, na mimi nilisukuma kwa bega moja, bega la pili limebeba chuma kilichovaa vizuri kuliko mimi. Natamani mngeniona. Nilikuwa na tope mpaka kifuani, lakini kaniki ilikuwa safi.

Yule mzee alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Jembe limevishwa nguo mpya, mbebaji viatu vimepasuka. Huko mlikotoka wanajua kuvisha chuma kuliko watoto."

Hapo ndipo nilipopata nafasi niliyokuwa nikiingoja.

"Wewe mzee nyamaza," nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote. "Jeneza lako liko kwa kaka yangu seremala, tunangoja tu kipimo cha urefu. Tutakuzika kesho kabla hujaanza kunuka. Na kwa kuwa maiti haina haja ya kofia, hii naichukua sasa."

Nikaivua kofia yake kichwani, nikaivaa.

Seifu alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mzee hakucheka. Alipapasa upara wake mara moja, taratibu.

"Itunze," alisema. "Nitaikomboa."

Nilifurahi mno. Niliona nimeutendea utani haki yake.

Tulipokuwa tunangoja matawi ya kutandika chini ya magurudumu, tulikaa pembeni tukatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo bila chai vinataka meno ya ujana. Nikawasimulia habari za ulimi wa Katibu. Alikuwa mtu wa mizaha. Mhubiri mkuu wa dini mpya alipowataka mabwana wajitolee kulijenga kanisa, Katibu alifanya dhihaka kwamba sasa wote watageuka wachukuzi wa matofali. Watu walicheka. Mhubiri hakucheka, na hakumsahau mpaka kufa.

"Kwa mzaha mmoja?" aliuliza mzee.

"Mmoja ulianza. Mingine ikafuata."

"Kwao hakuna watani?"

Nilitafuta kichwani katika vitabu vyote nilivyosoma. "Sikuona popote."

"Basi mtu huyo alizikwa na nani?"

Kabla sijajibu, injini iliunguruma na watu wakapiga kelele tusukume. Nilishukuru. Jibu nilikuwa nalo, na halikuwa zuri kubebwa na mshenga.

SIKONGE

Tulifika Sikonge na springi iliyovunjika. Seifu alisema atalala hapo mpaka itengenezwe, kisha atakwenda Ipole kuchukua nta. Yule mzee alipata mtu wa kumpakia kwenye baiskeli, akaenda zake kichwa wazi. Mimi nililala kwa familia moja ya Wamoraviani walionikaribisha bila kuniuliza dini, wakanipa uji wa mtama. Baba wa nyumba aliitazama kofia niliyovaa, akaonekana anataka kusema jambo, kisha akaomba baraka ya chakula badala yake.

Asubuhi nilitembea. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu yanayofanya msitu mzima uonekane kama umeona haya. Mizinga ya magome imelala juu ya matawi, nyuki wakipita juu yangu na shughuli zao. Nilikuwa nikijisemea maneno nitakayomwambia Mzee Yeremia. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa na Malkia ndani yake.

IPOLE

Nilionyeshwa nyumba, nikapiga hodi. Akatoka mzee mwenye upara.

Sijui kama nilimsalimia. Najua kwamba alinikaribisha kwa Kinyamwezi kilichonyooka kuliko changu, kisha akageukia Kiswahili chake cha pwani: "Karibu, mwanangu. Kofia yangu imelala salama?"

Niliivua kwa mikono miwili, nikampa nimeinama. Hakuivaa. Aliishika tu.

Mkewe alitokea nyuma yake. "Ndiye huyu aliyekuzika?"

"Ndiye. Bado hajaniambia kama kaka yake amepata ubao wa kutosha."

Hapo yote yalinijia, yamechelewa. Mzee Yeremia ni Mnyamwezi. Baba yake alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara na kuonyesha njia, na alimpeleka mwanawe pwani angali mdogo. Huko ndiko alikopata lugha, kanzu na jina la utani. Kofia ile ilikuwa ya baba yake. Yeye na Seifu walitukanana kwa sababu ni watani, si kwa sababu ni ndugu. Nami nilikuwa nimemtukana baba mkwe wa kaka yangu, mtu ambaye hata kucheka kwa sauti mbele yake ni utovu wa adabu, na nikamvua kofia mbele ya watu.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Baba wa binti hajitambulishi njiani kwa mtu mwenye jembe. Nilitaka pia nione mdomo wako unaishia wapi."

Ndugu zake wawili waliitwa, wakakaa. Kisha nikaletewa chakula: ugali, uyoga, na asali kwenye kibuyu. Ninyi mnajua maana yake. Mshenga husikilizwa kwanza, halafu hulishwa. Anayelishwa kwanza ni mpita njia. Nilikula asali ile, asali bora kuliko zote nilizowahi kuonja. Jembe nililipakata magotini kama mtoto mgonjwa.

Tabita alikuja kuchukua vyombo. Ni msichana mrefu, mtulivu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Shemeji," alisema polepole, "umeniua."

Katika maisha yangu sijawahi kusikia maneno mawili yenye uzito ule. Mwalimu wa Sikonge alikuwa anatarajiwa mwisho wa juma.

Niliambiwa nilale, niondoke asubuhi. Asubuhi ilipofika nilikuwa nimeketi uani, nimeshaaga, nangoja ruhusa, niliposikia honi. Seifu aliingia uani bila hodi, ameinua mikono kichwani.

"Yuko wapi marehemu? Nimekuja kuzika!"

Kabla sijafumbua mdomo alinipokonya jembe magotini. Alikata kamba, akaivua kaniki, akajifunga kiunoni kama mama mfiwa, na akaanza kuchimba mbele ya mlango. Alichimba kwa nguvu, udongo ukiruka, huku akilia kwa sauti ya kike.

"Yeremia wangu! Simba hakumuua, njia ya pwani haikumuua, kofia imemuua!"

Majirani walianza kukusanyika. Ndugu mkubwa wa mzee alisimama. "Seifu! Weka hilo jembe! Unajua ni jembe gani?"

"Ni jembe. Juzi nililiomba kwenye tope nikaambiwa halichimbi. Naona linachimba vizuri sana."

"Umeharibu!"

"Nimeharibu mimi, ndiyo." Seifu aliegemea mpini, akapangusa jasho kwa kaniki. Sauti yake ilishuka. "Kijana alidhani Bagamoyo ni Mzaramo mwenzangu. Nilimwona anapotea, nikamwacha, maana nilitaka kucheka. Tusi lile ni langu. Yeye alilibeba tu. Au Mnyamwezi siku hizi akipewa mzigo na Mzaramo anakataa kuubeba?"

Nilimtazama mzee mabegani, kwa kuwa usoni sikuthubutu. Mabega yalianza kutikisika. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekizuia tangu mbugani, na mkewe akacheka, na majirani, na hata yule ndugu mkubwa aligeuka upande wa ghala ili asionekane.

Mzee alipotulia aliniita karibu. "Swali langu la njiani hukulijibu. Katibu wako alizikwa na nani?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuja na maneno mazuri, na hakuna hata moja lililofaa. Nikamwambia kweli. Malkia alishindwa, akakimbilia kwa malkia jirani, akafungwa huko. Marafiki wa Katibu walihama mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, miguu imekufa, akibebwa. Akajifungia na wachache katika ngome juu ya mwamba, akishikilia upande wa Malkia, mpaka mizinga ya Waingereza ilipoibomoa. Alifia kifungoni. Na maiti yake ilikaa bila kuzikwa.

"Ilikaa?"

"Ilikaa, mzee. Upande mmoja ulimwita msaliti, upande wa pili haukuwa na nguvu tena. Mkewe ndiye aliyeandika kwa wakubwa wa ng'ambo ya mpaka, akiwasihi maiti ya mumewe isiaibishwe."

"Mkewe alikuwa dini gani?"

"Alilelewa pamoja na Malkia. Katika dini ya zamani."

Mzee aliitazama kofia mikononi mwake. Tabita alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo katika wote aliowatembelea kwa maneno yake," mzee alisema, "aliyemkumbuka akiwa maiti ni mwanamke wa dini nyingine."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Alimgeukia binti yake. "Na wewe? Huyo seremala ungemwandikia?"

"Ningekwenda mwenyewe, baba," Tabita alisema. "Kwa miguu."

Mzee Yeremia aliivaa kofia, akaiweka sawa kwa vidole viwili. Akashuka mpaka kwenye shimo la Seifu, akachukua jembe, akalitazama lilivyojaa udongo.

"Tulipozama mbugani na kijana akakataa kulitoa hili jembe, nilisema moyoni: huyu ni mtoto wa wapagazi, mzigo wake utafika. Kisha akanivua kofia, nikasema: haufiki kwangu. Sasa jembe limeshakula udongo wa uani kwangu, na aliyelilisha ni mtani wangu, ambaye siku ya kufa ndiye atakayechimba kweli. Nimrudishie mtu jembe chafu?" Akapiga pigo moja yeye mwenyewe, la pili, akaliingiza ndani. Alipotoka aliongeza, "Ya ubatizo nitayazungumza mwenyewe na mapadri wa Kipalapala. Hayo hayataki mshenga."

Mama Tabita alipiga kigelegele cha kwanza. Seifu alidai kuku kwa kazi ya kuchimba kaburi, akapewa, akadai na wa pili kwa kulifukia.

KURUDI

Nilirudi juu ya mabunda ya nta, nikinuka asali, kibuyu cha asali nilichopewa nimpelekee shangazi kikiwa mapajani. Mbugani palikuwa pamekauka. Seifu alisimamisha lori pale tulipozama, akashuka, akayasujudia yale mashimo, akapanda tena. Njia nzima niliutazama msitu nikawaza jinsi watu wetu walivyopita humo na mizigo ya wenzao, makabila yasiyojuana, na badala ya kuuana wakaanzisha matusi ya kuchekeana, kisha wakapeana kazi ya kuzikana. Waskochi walijenga ngome juu ya miamba. Hawakubuni kitu kama hiki. Sisi tulikibuni njiani, tumechoka, mizigo begani.

Laurenti alinisikia kabla hajaniona. Alitoka na randa mkononi, Shangazi Agata nyuma yake, maana alikuwa ameshindwa kungoja mjini. Hakuna aliyenisalimia. Wote wawili walilitazama bega langu, kisha bega la pili, kisha mikono.

"Jembe liko wapi?" shangazi aliuliza.

"Limebaki Ipole."

Kigelegele chake kiliwatoa wanafunzi wa seminari shambani. Laurenti aliketi juu ya mlango aliokuwa akiutengeneza, akitazama chini. Kisha akainua uso, anacheka na machozi, akaniuliza lile swali aliloniuliza nilipoondoka.

"Na yule Katibu wako? Alifanikiwa?"

"Hakufanikiwa, kaka," nikamwambia. "Kwao hakukuwa na Wazaramo."